Namba Zilizofutwa katika Chumba cha Giza

Kila kengele ya mwisho ilipolia, Chiriku alikuwa wa kwanza kutoka darasani na wa mwisho kunyamaza. Jina hilo la utani alipewa na walimu wenyewe, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alizungumza akitembea, akila, akifunga kamba za viatu. Kitu kimoja tu ndicho kilichomtuliza, nacho ni daftari. Akishalifungua, ulimi unalala na mkono unaamka.

Na daftari lenyewe, jamani, lilikuwa safi! Mwalimu wa darasa alizoea kuliinua juu na kuwaambia wengine, "Tazameni, kisha muone haya." Siri ya usafi huo ilikuwa kifutio cheupe ambacho Chiriku alikitunza mfukoni kama yai. Aliandika kwa penseli. Akikosea, alifuta taratibu, akapuliza, akaandika upya. Ungedhani mtoto yule hajawahi kukosea tangu azaliwe.

Aliishi kwa shangazi yake, kwa kuwa shule ilikuwa hatua chache kutoka pale. Shangazi alikuwa fundi wa vioo katika maabara ya chuo, lakini si vioo vya kuchania nywele. Alikuwa na pipa zito la chuma ambalo wafanyakazi wote waliliita Chungu. Shangazi aliweka kipande kidogo cha dhahabu ndani yake, akafyonza hewa yote, kisha akapasha moto mpaka dhahabu ikapanda kama mvuke na kutua juu ya kigae cha kioo. Utando ule ulikuwa mwembamba ajabu. Dhahabu ya pete moja ingetosha kupaka sakafu nzima ya chumba cha kulala, na bado ungeona mwanga ukipita.

Vioo viwili vya namna hiyo viliwekwa vitazamane. Katikati yake uliachwa mwanya usiozidi sehemu ya kumi ya unene wa unywele, na ndani ya mwanya huo lilitiwa tone la dawa ya maabara. Dawa hiyo ilikuwa na tabia ya kubadilika polepole yenyewe, kifungo kimoja ndani ya molekuli zake kikikatika na molekuli mpya kuzaliwa. Tone jingine la dawa ileile lilitiwa kati ya vigae vya kawaida, visivyo na dhahabu. Vyote viwili, kila kimoja katika kibebeo chake cha chuma, viliwekwa kwenye mashine ya kupimia, ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha.

Kuanzia Jumatatu moja, Shangazi alihitaji msaada. Mashine ilikuwa ya zamani na sehemu yake ya kuchapa namba ilikuwa imekufa. Yeye mwenyewe hakuweza kuliacha Chungu hata dakika moja likiwa kwenye moto.

"Chiriku, mwanangu," alisema, "kila nusu saa utaingia chumba cha giza, utabonyeza kitufe hiki, utasoma namba mbili. Ya kulia ni ya vigae vya kawaida. Ya kushoto ni ya vioo vyangu. Namba inakuambia kati ya sehemu mia za dawa, ngapi zimeshabadilika. Andika unachokiona. Na hapa tunaandika kwa wino, umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi." Lakini moyoni alijisemea kuwa wino huchafua daftari, na kalamu ikabaki mfukoni pamoja na kifutio.

Twiga, mtoto wa Shangazi, alikuwa ameketi juu ya meza akining'iniza miguu yake mirefu. Alimzidi Chiriku mwaka mmoja tu, ila kwa urefu alimzidi kama shingo ya mnyama aliyempa jina. Mama yake alipogeuka, alimwinamia Chiriku sikioni.

"Unajua kwa nini mimi siingii mle?"

"Kwa sababu wewe mvivu."

"Vioo viwili vikitazamana," Twiga alinong'ona, "kinachopita katikati hakitoki kama kilivyoingia. Kuna kitu hukishika. Halafu mle hamna taa. Sasa jiulize, kioo gizani kinatazama nini?"

"Nenda zako!" Chiriku alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Saa tisa na nusu aliingia na kufunga mlango nyuma yake. Giza lilikuwa zito. Kilichoonekana ni tarakimu nyekundu za mashine tu, na kurunzi yake ndogo yenye mwanga mwekundu ikiangaza ukurasa. Mashine ilikoroma kwa sauti ya chini. Alipokuwa akinyoosha kidole kubonyeza kitufe, kitu kilimgusa begani.

Roho ikamruka. Naye akaruka, goti likagonga meza, na mashine nzima ikatikisika. Kumbe lilikuwa koti la maabara lililotundikwa ukutani. Alisimama akihema, akilitukana koti kimoyomoyo, kisha akabonyeza. Kulia, nne. Kushoto, moja.

Aliandika. Saa kumi alirudi akakuta nane kulia na mbili kushoto, akaziandika. Dawa ni ileile, tone ni lilelile, zimeanza pamoja. Iweje upande mmoja ukimbie na mwingine usote? Jibu alilolipata lilikuwa moja tu: ameiharibu mashine kwa goti lake. Mashine ya chuo! Na Shangazi ndiye aliyemwingiza mle.

Akatoa kifutio. Akaifuta moja, akaandika nne. Akaifuta mbili, akaandika saba, maana nane na nane zingefanana mno. Akapuliza vumbi la kifutio. Ukurasa ukawa safi, safu mbili zimesimama sawasawa kama wanafunzi mstarini, na moyo wake ukatulia kidogo. Lakini nyote mnajua uongo ulivyo. Ukiulisha leo, kesho unakuja na njaa zaidi.

Jumanne Shangazi aliweka tone jipya na vioo vingine, na Chiriku aliingia akiomba namba zilingane. Hazikulingana. Upande wa kulia ulipanda. Upande wa kushoto ulijikokota. Alibonyeza mara tatu, akasogeza uso karibu na tarakimu.

"Songa basi," aliunong'oneza upande wa kushoto. "Songa, nakuomba."

Mashine ilikoroma. Namba haikusonga. Chiriku alihisi kwamba kuna mtu mle ndani aliyebana pumzi, akisikiliza. Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni. Aliandika haraka, kwanza namba ya kweli kwa mazoea ya mkono, kisha akaifuta na kuandika ya uongo, na akatoka bila kugeuka nyuma. Alikuwa na hakika kwamba akigeuka ataona kitu, ingawa gizani hakuna mtu aonaye chochote.

Jumatano asubuhi alisimama mbele ya kioo kilicho ndani ya mlango wa kabati la Shangazi akichana nywele. Alishika kioo kidogo nyuma ya kichwa ili aone kama amepasua njia vizuri. Humo akawaona kina Chiriku wengi wamepanga foleni, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja mweusi zaidi ya aliyemtangulia. Alipoinua kitana, wote waliinua. Ila yule wa mwisho kabisa, yule mdogo kama punje, alimwona amechelewa.

Aliufunga mlango wa kabati kwa kishindo na kwenda shule na nusu ya nywele zimechanwa.

"Leo umetokaje?" Twiga alimcheka njiani. "Upande mmoja binti, upande mmoja kichaka!"

Chiriku aliongeza hatua akampita. Darasani hakuzungumza, na chakula cha mchana alikila kimya. Mwalimu alimshika paji la uso kuangalia kama ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa na woga, na woga wa namna ile hauna kidonge. Siku hiyo alifuta tena, na Alhamisi vilevile.

Ijumaa, saa kumi na robo, Daktari alikuja. Huyu hakuwa daktari wa kutibu watu. Alikuwa bingwa wa kemia na mkuu wa maabara, mzee mrefu aliyevaa viatu vya soli laini, hivyo mtu hushtukia yuko nyuma yake.

"Shikamoo, Daktari," Chiriku alisema.

"Marahaba. Hili ndilo daftari?"

Alilisoma akiwa amesimama. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa, na kila alipofunua mabega yake yalishuka. Kisha akaingia kwa Shangazi, na mlango ukabaki wazi kidogo.

"Fundi," Chiriku alimsikia akisema, "namba zako ni safi sana. Zinaniambia jambo moja tu. Dawa iliyo kati ya vioo vyako inakwenda sawasawa na ile ya vigae vya kawaida. Vioo havifanyi kitu."

"Labda mwanya haujalingana, Daktari. Nipe mwezi mwingine nirekebishe."

"Tumeshapeana miezi minane, mama. Vioo arobaini. Nimewaahidi wakuu wa chuo kwamba leo nitatoa jibu, na jibu ndilo hili. Saa kumi na moja viogeshe vyote kwenye tindikali, dhahabu irudishwe stoo. Kazi hii tunaifunga."

Shangazi alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo, si ile sauti ya nyumbani ya kukaripia sufuria. "Basi mikono yangu imezeeka. Sikujua."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko kiboko. Mikono ya Shangazi! Ile mikono iliyounguzwa na Chungu mara ngapi, iliyopangusa kila kigae kama inamfuta mtoto machozi. Alitaka kupiga kelele. Lakini je, kama kweli mashine ilikuwa imeharibika? Akisema namba za kweli zilikuwa tofauti, si watasema ni goti lake? Saa ya ukutani ilionyesha kumi na nusu. Ulikuwa wakati wa kusoma.

Aliingia chumba cha giza. Safari hii hakuwa na haja ya Twiga kumtisha. Alibonyeza. Kulia, kumi na mbili. Kushoto, tatu.

Alisimama pale akiikodolea macho ile tatu nyekundu, na likamjia akilini swali ambalo alipaswa kujiuliza tangu Jumatatu. Je, kweli mashine imeharibika? Shangazi alikuwa amemfundisha kuvitoa vibebeo kwa mipini yake na kuvirudisha. Akivibadilisha, cha kulia kiende kushoto na cha kushoto kiende kulia, mambo yatajieleza. Kama mashine ndiyo mbovu, namba ndogo itabaki kushoto. Lakini kama namba ndogo itahama...

Alikishika kibebeo cha vioo, na ingawa kilikuwa baridi kama chuma chochote, alihisi ameshika kitu kilicho macho. Akakitia kulia. Akakitia kile kingine kushoto. Akavuta pumzi, akabonyeza.

Kushoto, kumi na mbili. Kulia, tatu.

Namba ilikuwa imevifuata vioo. Mashine ilikuwa nzima siku zote. Ndani ya ule mwanya mwembamba, gizani, bila taa, kulikuwa kweli na kitu kinachoishika dawa isikimbie. Nywele zilimsimama, zilizochanwa na zisizochanwa. Alitamani kukaa chini alie. Badala yake alifungua mlango na kutimua mbio.

Shangazi alikuwa amevaa glavu nzito na miwani ya kinga. Beseni la tindikali lilikuwa mbele yake, na koleo lake limebana kioo cha kwanza. Daktari alisimama kando, na Twiga mlangoni.

"Shangazi, usikitie!"

Koleo likasimama hewani.

"Nimedanganya," Chiriku alisema. "Namba zote za kushoto ni za uongo. Nilifuta. Niligonga mashine kwa goti, nikaogopa, nikadhani nimeiharibu, nikafuta nikaandika zinazofanana. Vioo vyako vinafanya kazi, Shangazi. Vinaichelewesha dawa. Nimevibadilisha upande sasa hivi na namba imevifuata."

Shangazi alikirudisha kioo kwenye sanduku lake polepole, akavua glavu moja, kisha ya pili. Uso wake haukuwa na hasira. Afadhali ungekuwa na hasira.

"Siku tano," alisema. "Siku tano unakula mezani kwangu, unanitazama."

"Nisamehe, Shangazi."

"Lete daftari."

Daktari ndiye aliyelichukua. Hakulisoma kama mwanzo. Alilipeleka chini ya taa ya mezani, akaliinamisha mpaka mwanga ukaukata ukurasa kwa ubavu. Na hapo, chini ya zile namba nzuri, zikajitokeza nyingine, mifereji ya penseli ambayo kifutio hakikuweza kuijaza. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Zilikuwa zimelala mle siku zote, zimefunikwa tu. Twiga alirudi nyuma hatua moja.

"Zimefufuka," alisema.

"Hazikufa," Daktari alimjibu. "Lakini siwezi kuzitumia. Daftari lililodanganya mara moja, siliamini hata likisema kweli. Tutaanza upya. Nitawaomba wakuu wanipe juma moja zaidi."

Walianza upya Jumatatu. Daktari alisoma peke yake na kuandika kwenye karatasi yake, na Twiga akasoma peke yake na kuandika kwenye yake, japo aliingia chumba kile akiimba kwa sauti kubwa ili ajipe moyo. Shangazi alibadilisha pande bila kuwaambia. Hakuna aliyeruhusiwa kuona karatasi ya mwenzake mpaka Ijumaa. Chiriku hakupewa kitu cha kuandika. Alipewa kusafisha vigae, akavisafisha bila kunung'unika.

Ijumaa karatasi ziliwekwa mezani. Zilisema jambo lilelile. Dawa iliyo kati ya vioo vya Shangazi ilikwenda taratibu, karibu robo tu ya mwendo wa mwenzake. Shangazi aliongeza mwanya kidogo mno kwa kuweka kipande cha plastiki nyembamba kati ya vioo, na dawa ikakimbia kama kawaida. Aliurudisha mwanya wa kwanza, na dawa ikashikwa tena. Shangazi alicheka, halafu akajipangusa macho kwa mkono wa koti.

"Lakini nani anaishika?" Chiriku hakuweza kujizuia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi ulimi wake kupata nguvu. "Taa hakuna!"

Daktari alivuta kiti. "Umewahi kuimba kwenye mdomo wa mtungi mtupu?"

"Ndiyo. Sauti nyingine hupotea, lakini ipo moja ambayo mtungi wote huvuma."

"Basi vioo viwili ni mtungi wa mwanga, mwanga wa joto ambao macho hayauoni. Na kila molekuli ina mtikisiko wake, kama mtu na sauti yake. Shangazi yako akiupanga mwanya ulingane na mtikisiko wa kile kifungo, molekuli na mtungi hushikana, vikawa kitu kimoja. Kifungo kilichokuwa kikatike hakikatiki upesi."

"Na giza?"

Mzee alitazama mlango wa kile chumba. "Hapo hata mimi mwili hunisisimka. Giza si tupu, mjukuu wangu. Hata uzime taa zote za dunia, nafasi ile hubaki na mtikisiko mdogo usiozimika. Namna hasa unavyofanya kazi hiyo, wataalamu bado tunabishana. Twiga hakukosea sana. Kinachopita katikati hakitoki kama kilivyoingia."

Twiga akanyoosha shingo kwa maringo. Mama yake akamwambia aishushe kabla haijagonga taa.

Walipobaki wawili, Shangazi alimkalisha Chiriku mbele yake.

"Mwanangu, sikukasirika kwa sababu uligonga meza. Kila mtu hugonga meza. Na kuogopa si kosa, kwani usilolijua ni kama usiku wa giza. Kosa lako ni kwamba ulikutana na jambo la ajabu, likakutazama usoni, nawe ukalifuta kwa kuwa halikufanana na ulilotarajia. Ulipenda daftari safi kuliko daftari la kweli. Kidogo tu, watu wote wangeamini kwamba mle ndani hamna kitu, na mimi ningeamini kwamba mikono yangu imekufa."

Alitoa kwenye droo daftari jipya lenye jalada gumu, na kalamu ya wino.

"Hapa kazini hatufuti. Ukikosea, unakata kwa mstari mmoja mwembamba, ili kosa lisomeke, kisha unatia sahihi yako pembeni. Mtu aone ulikosea wapi, na aone kwamba hukujificha. Sasa andika tarehe na ulichokiona leo."

Chiriku alitoa kifutio mfukoni, akakiweka mezani, akakisukuma mbali. Aliinama juu ya ukurasa. Kalamu iliteleza, wino ukaruka, akaandika Alhamisi badala ya Ijumaa. Alisita. Akatazama lile doa katikati ya mstari wake wa kwanza, doa baya kweli. Kisha akavuta mstari mmoja mwembamba juu ya Alhamisi, akaandika Ijumaa mbele yake, na pembeni akatia sahihi.

"Hilo," Shangazi alisema, "ndilo daftari ninaloweza kuliamini."

Jumatatu iliyofuata, saa tisa na nusu ilipofika, Chiriku alichukua kurunzi nyekundu, akaingia chumba cha giza, akafunga mlango. Mashine ilikoroma. Upande wa vioo ulikuwa bado unabana pumzi, kama siku zote. Alibonyeza kitufe, akasoma, na kuandika kwa wino alichokiona: moja.